Karatasi za Mama Blessing

"Anaishi," Daktari Sesilia alisema kwenye simu. "Hawezi kuongea, hata mate anameza kwa shida, lakini anaishi."

Inspekta Thobias Masele alivuta kijitabu chake karibu. Kwa miaka kumi na sita ya upelelezi alikuwa ameona kwamba madaktari, sawa na mashahidi, huongeza neno wasipokimbizwa.

"Midomo imevimba," daktari akaendelea. "Ulimi mweupe, ngozi inabanduka. Wale wengine watatu walitema, wana malengelenge tu."

"Kwenye jalada imeandikwa sayanidi."

"Nani kaandika?"

"Sisi."

"Basi futeni. Nimefanya kazi Geita miaka minne, Inspekta. Aliyekunywa sayanidi hakai siku mbili ananikodolea macho. Huyu kaungua. Kaunguzwa na nini, sampuli ziko Mwanza, na majibu yatachukua wiki."

Masele hakuwa na wiki. Alikuwa na mpaka saa tisa alasiri, na saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa tisa jalada lilitakiwa kwa wakili wa serikali, likiwa na jina la mjane mmoja wa Ngokolo na kosa la kujaribu kuua. Aliandika neno moja kwenye kijitabu chake, *kaungua*, akalipigia mstari.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomfanya aisome mara ya tatu. Jumamosi, huko Kagongwa, bwana mmoja aitwaye Mwigulu alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake. Pombe ya mtama aliiagiza Shinyanga mjini, kwa Martina, maarufu kama Mama Blessing, ambaye watu wa sherehe humtafuta hata kutoka Kahama. Yalikwenda madumu mawili. La kwanza lilinyweka mpaka tone la mwisho na watu wakacheza. La pili lilifunguliwa saa kumi jioni, kikombe cha kwanza akapewa mjomba wa heshima, Mzee Charles. Mzee alikipiga chote kwa mkupuo, akashika koo, akaanguka; watatu waliomiminiwa pamoja naye wakatema.

Mzee Charles alikuwa shemeji yake Martina. Miaka mitatu nyuma, hata arobaini ya msiba wa marehemu mume wa Martina haijaisha, mzee huyo alifika Ngokolo na watu wawili na kufuli mpya, akitaka nyumba ya kaka yake. Mtaa mzima ulikuwa unakumbuka.

Halafu kulikuwa na kile kiboksi kilichokutwa nyumbani kwa Martina.

"Hiki hapa, afande," alisema Konstebo Eunice, akikiweka mezani ndani ya mfuko wa vielelezo. Kilikuwa kiboksi cha plastiki chenye maandishi ya Kichina, ndani vipande vyembamba vya karatasi, na kwenye mfuniko mistari ya rangi yenye namba, kuanzia nyekundu mpaka zambarau. "Mimi ni mtoto wa Nyarugusu, machimboni. Hizi karatasi nimeziona kabla sijajua kusoma."

"Za nini?"

"Za wachenjuaji. Wanaoloweka marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa, kwa sayanidi ili watoe dhahabu iliyobaki. Wanachovya karatasi, wanaongeza kostik, yale magadi makali, mpaka iwe bluu. Isipofika bluu, dawa inageuka hewa, na hewa ile ukiivuta humalizi hata kuaga. Sasa niambie, mama wa pombe anazitaka za nini?"

"Umemuuliza?"

"Jumamosi usiku tulimuuliza. Akasema anapimia uji." Eunice alitabasamu. "Sajenti alicheka mpaka akakaa chini."

Masele hakucheka. Aliviangalia vipande vile kwa muda. Huku ukanda wa dhahabu, kila mtu angesema alichosema Eunice, kwa sababu kila mtu alikuwa ameziona karatasi hizo mahali pamoja tu.

*

Martina aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na kanga mbili na miguu mitupu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo hata baada ya siku mbili mahabusu vilikuwa na wekundu wa mtama kwenye kucha.

"Mwangaluka, mayu," Masele alimwamkia.

Alishtuka kidogo kusikia Kisukuma mle ndani. "Mwangaluka. Kwenu wapi, baba?"

"Didia."

"Basi hawakuniletea mtani, wameniletea mtu wa karibu." Alikaa. "Pombe yangu mmeimwaga?"

"Bado. Mkuu wa kituo alisema imwagwe leo."

"Mwambie asubiri. Ile pombe haina kosa."

"Mzee Charles yuko hospitali, mama."

"Najua. Na najua mnachofikiri. Simpendi yule mzee, sitakudanganya. Lakini pombe yangu naipenda." Alisema bila kupandisha sauti. "Kama ningetaka kumfanya kitu, ningetumia kitu kingine chochote."

Eunice, aliyekuwa anaandika pembeni, aliinua kichwa.

Masele aliweka kiboksi mezani. "Nieleze hizi. Polepole, mimi pombe sijawahi kuonja. Ni Msabato."

"Maskini," alisema Martina, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Haya. Unajua kimea?"

"Mtama uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa."

"Umejitahidi. Unakikoroga na maji ya moto, si ya kuchemka, ya kuvumilika. Unaacha. Ukikiacha vizuri, uji unageuka mtamu wenyewe, bila sukari. Utamu ule ndio chachu inakula, ndio unakuwa pombe. Mimi miaka kumi na miwili nilikuwa napika, mara unakuwa mtamu, mara unakuwa gundi. Kimea kilekile, kuni zilezile. Watu wakasema ni jicho la jirani. Jirani yangu Klara alikaribia kuhama mtaa."

"Wewe ulisemaje?"

"Mimi nilisema ni maji. Ya bomba yanakuwa hivi, ya kisima yana magadi, ya mvua ni mengine. Lakini maji huwezi kuyauliza. Siku moja akaja mteja kutoka machimbo, anasubiri chombo chake kijae, anasimulia kazi yao, kwamba kuna karatasi inakwambia kitu ni kichachu au kina magadi. Nikamwambia, nikupe nini uniletee hiyo karatasi?" Alikigusa kiboksi kwa ncha ya kidole. "Nilipika mara tisa kabla sijaelewa. Namba ikiwa ndogo ni uchachu, ikiwa kubwa ni magadi. Ikisoma tano, au tano na nusu, uji unageuka. Ikifika sita na nusu, ni gundi. Jirani yangu alikuwa hana kosa. Nilikwenda kumwomba radhi."

"Na hayo umeyaandika mahali?"

Martina alimtazama kama mtu aliyesubiri swali hilo kwa siku mbili.

"Daftari liko juu ya kabati, nyuma ya sahani za wageni. Hao vijana wako walilishika wakaona vikaratasi vimebandikwa, wakalirudisha. Walikuwa wanatafuta sumu."

*

Walifika Ngokolo saa nne kasorobo, Martina katikati ya kiti cha nyuma. Masele aliweka sharti moja kabla ya kuingia jikoni: Martina asiguse chochote. Aseme tu, Eunice ndiye atakayefanya, yeye Masele ataandika.

"Mimi, kupika pombe nikiwa na sare," alisema Eunice. "Mama yangu akisikia."

"Atasema umepata akili," Martina alimjibu.

Lilikuwa daftari kubwa la kaunta. Kila ukurasa ulikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, maji, karatasi, namba, utamu. Kwenye safu ya tatu kilibandikwa kipande chenyewe kwa selotepu. Vya zamani vilikuwa vimepauka, lakini pembeni ya kila kimoja kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino.

"Rangi haidumu," Martina alieleza akiwa mlangoni, mikono nyuma kama alivyoagizwa. "Kwa hiyo namba naiandika palepale, kabla sijaenda hata kugeuza kuni."

Masele alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. *Kisima. 6.5. Gundi.* Ukurasa uliofuata: *Kisima, kikombe kimoja cha uji mchachu wa jana. 5.5. Mtamu.* Kisha vikombe viwili, kisha nusu. Mwanamke huyu hakuwa amefundishwa na mtu, na hata hivyo alikuwa akibadilisha jambo moja tu kila mara na kuacha mengine yalivyo, akisubiri jibu kabla ya kugusa la pili. Masele alikuwa amewahi kukaa na wapelelezi wenye vyeo ambao hawakuwa na subira hiyo. Alirudi mwanzo akasoma tena, sasa kwa raha yake, mpaka Eunice akakohoa.

"Wa mwisho, afande."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe. *Bomba. 5.5. Mtamu sana. Kagongwa, dumu 3 na 4.*

"Nini hii, tatu na nne?"

"Madumu yangu ni sita. Yana namba, nimeandika kwa rangi ya kucha chini ya mpini."

Eunice aliyatoa madumu yaliyokuwa uvunguni mwa benchi. Yalikuwa ya njano, ya mafuta ya kula, manne: moja, mbili, tano, sita. Masele aliokota mfuniko wa mojawapo. Katikati kulikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kumechomekwa kipande cha pamba mbichi, ya shambani.

"Hii?"

"Pombe ya mtama haijalala, inapumua. Ukiifunga kabisa, ndani ya saa chache dumu linavimba kama mjamzito, na ukilifungua inakurukia usoni. Natoboa kwa sindano ya moto, naweka pamba. Hewa inatoka, inzi haingii."

Masele aliandika hilo. Alikuwa na swali kuhusu mifuniko ya madumu ya Kagongwa, ila alitaka kulifikia kwa zamu yake.

"Sasa tupime. Kuna pombe ya Jumatano iliyobaki?"

"Kwenye pipa. Na iko ya shahidi."

"Shahidi?"

"Kila nikipika naweka chupa moja ya soda kando, kwenye ndoo ya mchanga mbichi. Mteja akija kulalamika, tunaonja wote. Naiita shahidi."

Chupa ilikuwepo, na karatasi shingoni yenye tarehe ya Jumatano. Eunice alimimina kidogo kwenye kikombe, akachukua kipande, akakichovya kizima.

"Siyo hivyo, mwanangu," Martina alisema. "Mtama mwekundu utakudanganya. Umepaka karatasi rangi, sasa utasoma rangi ya mtama. Chukua nyingine. Gusisha ncha tu. Iache ipande yenyewe. Maji yanapanda, wekundu unabaki chini. Soma pale juu, kwenye ukingo."

Eunice aligusisha ncha. Wote watatu waliinama. Unyevu ulipanda taratibu, na juu ya doa jekundu ukabaki ukanda mwembamba, safi, wa rangi ya chungwa.

"Nne," Eunice alisema baada ya kulinganisha na mfuniko.

"Pombe iliyoiva inakuwa nne, au chini kidogo. Imechacha, ndiyo kazi yake."

Pipa nalo lilisoma nne. Kwa ajili ya kujiridhisha, Masele aliomba limau, akaomba maji ya sabuni ya kufulia. Limau likawa jekundu, sabuni ikawa ya kijani iliyokolea. Karatasi hazikuwa na upande. Alikata ukurasa wa kijitabu chake wenye majibu hayo, akatia sahihi, akamwomba Eunice naye atie.

Klara, yule jirani aliyekaribia kuhama, aliitwa kwenye ukuta wa matofali unaogawa nyumba zao.

"Jumamosi asubuhi nilisaidia kupakia," alisema, mwiko mkononi. "Kwenye lori, ile kenta ya Adam anayembebea mizigo. Tatu na nne. Zile pamba nilizibonyeza mwenyewe kwa dole gumba, zote mbili, kwa sababu kenta ya Adam inaruka kama mbuzi. Na huyu mama mkimfunga mtanitafutia jirani mwingine wa kuniomba radhi? Maana hawapatikani."

*

Saa sita na nusu walikuwa stoo ya vielelezo. Madumu mawili kutoka Kagongwa yalikuwa sakafuni, ya njano yote, na kwa macho ya haraka yalikuwa mapacha. Masele alichuchumaa.

La kwanza lilikuwa tupu. Chini ya mpini kulikuwa na namba tatu ya rangi ya kucha. Mfuniko ulikuwa na tundu, na pamba iliyogeuka waridi.

La pili lilikuwa na pombe nusu. Chini ya mpini hapakuwa na kitu. Mfuniko wake ulikuwa mzima.

"Lingine hili," Eunice alisema kwa sauti ndogo.

"Au amelitumia la jirani siku hiyo. Tusiruke." Alilisogelea. "Limefungwa hivi tangu lini?"

"Tangu Jumamosi jioni. Mimi ndiye niliyelikaza."

"Siku mbili. Limevimba?"

Eunice alilibonyeza ubavuni kwa kiganja. Plastiki iliingia ndani, laini. Alirudisha mkono polepole.

"Halipumui," alisema.

"Lete maelezo ya Mwigulu."

Alitafuta mstari aliousoma asubuhi bila kuujali. Mwenye sherehe alikuwa ameeleza kila kitu kwa urefu, mpaka rangi ya maturubai. Madumu yaliletwa saa nne asubuhi. Adam aliyashusha akaondoka hapohapo, *ingawa siku zote husubiri kuonja mbele ya wageni kwa niaba ya Mama Blessing, na hula nyama*. La pili lilikaa juani mpaka saa kumi. *Nililifungua mimi mwenyewe, likafunguka kimya kama dumu la maji.*

"Muda wa saa sita juani, mfuniko hauna tundu," Masele alisema. "Lilitakiwa limrukie usoni. Halikumrukia. Maana yake chachu ilikuwa imeshakufa lilipofika. Hakuna mtu wa Kagongwa aliyetia kitu pale. Kilitiwa kabla."

"Kabla, yaani Ngokolo?"

"Ngokolo lilitoka likiwa na pamba. Pima."

Eunice alivaa glavu. Safari hii hakuhitaji kuelekezwa: aligusisha ncha, akaacha. Unyevu ulipanda. Juu ya ukingo hapakutokea chungwa. Ukanda ulikuwa bluu, bluu ya wino wa shule, na ulizidi kukolea walipokuwa wakiutazama.

"Kumi na tatu," alisema. Kisha akakaa juu ya kreti. "Afande, hii ndiyo rangi ya wachenjuaji. Ndiyo ile wanayoitafuta, ila imezidi. Hii ni kostik."

"Na kostik inafanya nini mdomoni?"

"Inaunguza." Alivua glavu moja, akaishika. "Nilisema sayanidi. Nilikuwa na karatasi yenyewe mkononi, na nikasema sayanidi."

"Ulisema ulichokijua. Mlete Adam."

*

Adam alikuwa dereva wa miaka thelathini na tano hivi, mchangamfu, aliyemwamkia kila askari korido nzima. Alikaa akaweka funguo za kenta mezani.

"Mama yetu anaendeleaje humu ndani, afande?"

"Analala sakafuni," Masele alisema. "Jumamosi ulipakia madumu mangapi?"

"Mawili."

"Ukashusha mangapi?"

"Mawili."

"Hukuonja."

"Nilikuwa na safari nyingine, afande. Na pombe na usukani, mnajua wenyewe."

"Siku nyingine unaonja."

"Siku nyingine sina safari."

Masele aliitikia kwa kichwa. Aliweka mezani karatasi nyeupe yenye vipande viwili vilivyobandikwa, kimoja cha chungwa, kimoja cha bluu. Hakuvieleza. Kando yake akaweka mfuniko wenye pamba, na kando ya huo, mfuniko mzima. Alimwacha Adam avitazame. Nje, mtu alikuwa akipiga soga na mlinzi wa zamu, na sauti zao ziliingia na kutoka dirishani.

"Namba nne iko wapi, Adam?"

"Namba nne ipi?"

"Dumu namba nne. Mama Blessing anayo sita. Manne yako kwake, la tatu liko hapa. Sikuulizi kuhusu sumu. Nakuuliza dumu."

Adam alizichukua funguo, akazirudisha mezani.

"Lilipasuka," alisema. "Tinde. Tairi ya spea ilichomoka kwenye mnyororo ikalikalia. Pombe ikaanza kumwagika, na watu wanasubiri sherehe, na mimi nimeshaambiwa mara mbili kwamba nikivunja tena dumu la mama nisirudi. Nilikuwa na dumu tupu nyuma kwenye bodi. Nikahamishia. Lile bovu nikalitupa mtaroni."

"Dumu tupu ulilitoa wapi?"

"Yadi moja ya uchenjuaji, upande wa Msalala. Nilipeleka mzigo Ijumaa, nikayakuta yametupwa nyuma. Lilikuwa la mafuta ya kula, afande. Chini kulikuwa na ukoko mweupe, nikajua chumvi. Nililisuuza. Sayanidi naijua, inakuja kwenye madebe ya chuma yenye fuvu, siwezi kuligusa. Hili lilikuwa la mafuta ya kula."

"Uliposikia mzee kaanguka?"

Adam alitazama ule mfuniko wenye pamba. "Nilisema labda kweli mama kafanya," alisema. "Ilikuwa rahisi kuamini. Wana ugomvi wao."

"Siku mbili uliamini."

"Siku mbili."

Eunice aliandika hayo maneno mawili, na kalamu yake ikasikika.

Saa nane na robo Masele alimpigia Mkuu, akamweleza kwa mpangilio, kuanzia daktari mpaka Tinde. "Kwa hiyo ile pombe ya pipani?" Mkuu aliuliza mwisho.

"Isimwagwe, afande. Haina kosa."

*

Martina alikuwa kaunta akirudishiwa vitu vyake: ndala, leso, daftari na kiboksi. Masele alimsimulia yote akiwa amesimama. Alitegemea machozi, au lawama, au shukrani. Martina alivaa ndala ya kwanza, akasita na ya pili mkononi.

"Kasema aliyakuta yametupwa."

"Ndiyo."

"Hakusema alilikuta limetupwa. Kasema yametupwa." Alimtazama. "Madumu ya kule huwa yanafungwa mawili mawili kwa kamba, mpini kwa mpini, ndivyo wanavyobeba. Mimi nimewahi kuletewa hivyo ninunue, nikayakataa. Adam alichukua moja?"

Masele alikuwa ameshageuka. Chumba cha mahojiano kilikuwa hatua kumi na mbili. Adam aliinua uso, na kabla swali halijaisha alikuwa amesimama wima.

"Mawili," alisema. "La pili lipo nyumbani. Nilimpa mke wangu, la maji."

Simu ya mke haikupatikana. Gari lilitoka kituoni likiwa na Eunice kwenye usukani, Masele kando yake, Adam na Martina nyuma, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama mtuhumiwa wa asubuhi ile aliruhusiwa kupanda. Njiani kuelekea Ibadakuli, nyumbani kwake, Adam alikuwa akirudia jambo lilelile, kwamba watoto hutoka shule saa tisa.

Bernadina, mke wa Adam, alikuwa uani akichochea jiko la mkaa, mikono imejaa mapovu ya kufulia. Dumu la njano lilikuwa kivulini, limejaa maji, na kikombe cha bati kimefunikwa juu ya mdomo wake.

"Mama Blessing," alisema kwa mshangao. "Wamekuachia? Karibuni. Adam, mbona umekaa hivyo?"

"Maji hayo," Adam alisema. "Mmekunywa?"

"Lile dumu lako lina ukoko umeng'ang'ania chini. Nimeliloweka tangu jana, leo asubuhi nikamwaga nikajaza tena. Nataka kuwapikia watoto uji, wanaingia sasa hivi. Kwani nini?"

Martina alikuwa ameshachuchumaa. Alimimina kidogo kwenye kile kikombe cha bati, akafungua kiboksi, akachukua kipande. Maji yalikuwa meupe kama maji yoyote ya kunywa, hayakuwa na harufu. Aligusisha ncha na kusubiri, na Masele, ambaye hakuwa na la kufanya hapo, alisubiri pamoja naye, akiangalia namna mkono ule ulivyotulia.

Bluu ilipanda.

Eunice alilibeba dumu kwa glavu mpaka kwenye gari. Bernadina alikaa kwenye ngazi ya mlango, mikono yenye mapovu imening'inia magotini, akimwangalia mume wake ambaye hakuwa akimwangalia mtu. Getini sare mbili za shule zilitokea, moja ikikimbiza nyingine.

"Wabeja, mayu," Masele alimshukuru.

Martina hakusikia, au alikuwa na kazi. Alikuwa amefungua daftari juu ya goti, anakata selotepu kwa meno. Alibandika kipande chini ya kile cha Jumatano, akaandika tarehe. Kwenye safu ya maji aliandika: *Dumu la Adam.* Kwenye safu ya namba, palepale kabla rangi haijapauka: *11.* Kwenye safu ya mwisho, ya utamu, kalamu ilisimama kidogo.

*Watoto hawajanywa,* aliandika, akafunga daftari.